Umeweka Linux na intaneti haipo? Tafuta kwanza inakatikia wapi

Mara ya kwanza kuweka Linux, nilisakinisha mfumo mzima mara tatu ndani ya siku mbili kwa sababu tu Wi-Fi haikuonekana. Kila mara nilifuta diski, nikaanza upya, na hali ikabaki ile ile. Kilichokosekana kilikuwa faili moja dogo la famuea (programu ndogo inayoendesha kifaa chenyewe kwa ndani) ya kadi ya Wi-Fi. Ndiyo maana siku hizi mgeni akiniambia anataka kurudia usakinishaji kwa sababu ya intaneti, namsihi asubiri. Mara nyingi mfumo wake ni mzima. Kuna mahali pamoja tu palipokatika, na tukipajua, tiba yake huwa ni amri mbili tatu.

Kabla ya kugusa chochote, jaribu simu yako kwenye Wi-Fi ile ile. Nayo ikikosa intaneti, shida iko kwenye ruta au kwa mtoa huduma, na Linux haina kosa. Simu ikipata, iunganishe na kompyuta kwa kebo ya USB, kisha kwenye mipangilio ya simu washa kugawa intaneti kwa USB. Linux huziona simu nyingi za Android kama kadi ya mtandao ya kebo, bila kuongeza draiva yoyote, yaani programu inayouwezesha mfumo kuongea na kifaa. Laiti ningelijua hili siku zile! Bila intaneti ya muda utashindwa kupakua kile kile kitakachokupa intaneti, na hapo ndipo wengi hukata tamaa.

Sasa fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike `ip link`. Utaona `lo`, ambayo ni ya ndani ya kompyuta yenyewe, kisha majina kama `enp3s0` kwa kadi ya kebo na `wlp2s0` kwa Wi-Fi. Kadi ya kebo ikiandikwa `NO-CARRIER`, waya haujashika au upande wa pili umezimwa. Chomoa, chomeka, jaribu tundu jingine la ruta. Lakini kama hakuna jina lolote linaloanza na `wl`, mfumo haujaiwasha kadi yako ya Wi-Fi, na kuandika upya nenosiri hakutasaidia kitu.

Hapa ndipo wageni wengi wanapokwama, kwa hiyo tukae kidogo. Andika `lspci -nnk`, au `lsusb` kama kadi yako ni ya kuchomeka. Kwenye jibu la `lspci`, tafuta mstari wa kadi ya mtandao na namba zilizo kwenye mabano ya mraba: 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, 14e4 ni Broadcom. Chini yake angalia kama kuna `Kernel driver in use`. Mstari huo usipokuwepo, draiva haijapatikana. Ukiwepo na kadi bado haifanyi kazi, andika `sudo dmesg | grep -i firmware`. Mara nyingi keneli yenyewe, yaani kiini cha Linux, itakutajia jina la faili ililolikosa. Kwenye Debian, mojawapo ya aina za Linux, faili hizo zimo katika vifurushi kama `firmware-iwlwifi` kwa Intel na `firmware-realtek` kwa Realtek. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, diski rasmi za usakinishaji huja na famuea hizo, hivyo ukitumia toleo jipya huenda usikutane kabisa na tatizo hili. Baadhi ya kadi za Broadcom bado zinahitaji draiva ya pekee, na kama Secure Boot (ulinzi unaokagua sahihi za programu kompyuta inapowaka) imewashwa, keneli inaweza kuikataa draiva hiyo mpaka uidhinishe sahihi yake.

Kama kadi inaonekana ila haiwaki, andika `rfkill list`. `Soft blocked: yes` huondolewa kwa `sudo rfkill unblock wifi`. `Hard blocked: yes` kwa kawaida ni swichi au kitufe cha kompyuta yenyewe, na hakuna amri itakayokibonyeza kwa niaba yako.

Kadi ikishashika mtandao, `ip addr` itakuonyesha kama ruta imeipa anwani. Ukikosa mstari wa `inet`, au ukikuta anwani inayoanza na 169.254, ruta haijaitoa. Tazama pia `nmcli device`. Ikisema `unmanaged`, na unatumia Debian, fungua `/etc/network/interfaces`: kadi ikitajwa humo, NetworkManager, programu inayosimamia miunganisho ya mtandao, huiacha bila kuigusa. Weka alama ya `#` mwanzoni mwa mistari ya kadi hiyo (ya `lo` iache), kisha washa kompyuta upya.

Anwani ikiwepo, andika `ip route` uone namba iliyo baada ya `default via`. Hiyo ndiyo ruta. Ipigie `ping -c 4`, amri inayotuma ujumbe mfupi mara nne na kusubiri jibu, kisha fanya hivyo kwa 1.1.1.1, mwisho kwa jina kama debian.org. Namba ikijibu na jina likashindwa, intaneti unayo. Unachokosa ni DNS, yaani anayegeuza majina kuwa namba. Fungua mipangilio ya muunganisho wako, weka 1.1.1.1 au 9.9.9.9 kwenye sehemu ya DNS, kata muunganisho na uunganishe tena. Usihariri `/etc/resolv.conf` kwa mkono, maana kwenye mifumo mingi ya sasa faili hilo huandikwa upya na programu nyingine na kazi yako inafutika.

Kuna moja inayowasumbua sana wenye kompyuta za zamani: ping zote zinajibu, lakini kivinjari kinakataa kila tovuti kikilalamikia vyeti vya usalama. Andika `timedatectl` uangalie tarehe. Betri ndogo ya ubao mama ikifa, saa hurudi nyuma miaka kadhaa, na vyeti vyote vinaonekana kama havijaanza kutumika.

Na kama Wi-Fi inakatika kila baada ya dakika chache, jaribu kuzima uokoaji wa nishati: `sudo iw dev wlp2s0 set power_save off`, ukiweka jina la kadi yako. Ikitulia, ndipo utafute namna ya kuifanya idumu, kwani amri hii pekee hupotea ukiwasha upya.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, jaribu, andika matokeo kwenye karatasi. Usinakili amri ya `sudo` usiyojua inafanya nini, hata kama aliyeiandika anajiamini. Ukiishiwa, omba msaada ukiwa na jina na toleo la mfumo wako, jibu la `uname -r`, mstari wa kadi kutoka `lspci -nnk`, na hatua ya mwisho iliyofanya kazi. Ombi la namna hiyo mimi hulijibu kwa furaha, kwa sababu nusu ya kazi umeshaifanya.