Jibu: Namba za mvua kuchanganyika baada ya reshape

Ndugu, umesema arei yako (jedwali la namba) ya NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, ina umbo la (3, 24), yaani vituo vya mvua vya Entebbe, Gulu na Mbarara kwa miezi 24, na ulipoandika a.reshape(12, 2, 3) ili upate miezi 12, miaka 2 na vituo 3, mvua ya Februari ya Entebbe ikaonekana Gulu. NumPy haijakosea. reshape haipangi upya namba hata moja. Inazisoma kwa mfuatano uleule na kuzikata upya, na kwa kawaida fahirisi (namba ya nafasi) ya mwisho ndiyo hubadilika haraka zaidi. Kwa hiyo namba 3 za kwanza, Januari hadi Machi za Entebbe, zimegawiwa vituo vyote vitatu. Hukuonyeshwa kosa lolote kwa sababu idadi ya namba ni 72 kabla na baada, na hapo ndipo penye hatari: grafu itachorwa vizuri, mkulima wa Gulu atashauriwa kwa mvua ya Entebbe.

Gawa kwanza miezi 24 kuwa miaka 2 ya miezi 12, ndipo ugeuze mfuatano wa mihimili (pande za arei):

b = a.reshape(3, 2, 12).transpose(2, 1, 0)

Kagua: b[1, 1, 2] lazima iwe sawa na a[2, 13]; fahirisi huanzia 0, hivyo zote mbili ni Februari ya mwaka wa pili ya Mbarara.

Ikiwa namba zilinyooshwa kuwa mstari mmoja ndani ya MATLAB (programu nyingine ya hesabu), zirudishie umbo lake kwa kuongeza order='F' kwenye reshape, maana huko fahirisi ya kwanza ndiyo hutangulia kubadilika.