Faili linatambaa kwenye waifai: anza na ukuta, si Windows

Katika nyumba za mawe za Mkomani, Lamu, Windows hulaumiwa mapema mno. Folda ya picha za harusi inahamishwa kutoka laptopu ya Mac kwenda kompyuta ya Windows chumba cha pili, kasi ni megabaiti 2 kwa sekunde, na mtu ameshaanza kupekua mipangilio. Mara nyingi mipangilio haina kosa.

Piga hesabu kwanza. Laptopu iliyoungana na waifai ya masafa ya 2.4 GHz kwa 72 Mbps inahesabu megabiti kwa sekunde. Gawanya kwa 8 upate megabaiti 9. Karibu nusu huliwa na vifaa kusubiriana zamu hewani, zikabaki 4 au 5. Na kama kompyuta zote mbili ziko kwenye waifai ya rauta moja, kila kipande cha faili hupita hewani mara mbili, kwenda kwa rauta na kutoka kwa rauta, kwenye chaneli ileile. Zimebaki 2 na ushei. Folda ya GB 8 itachukua kama saa nzima na hakuna kilichoharibika. Kasi ya intaneti unayoilipia haihusiki. Faili halitoki nyumbani.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kebo, hata kwa kompyuta moja tu: safari ya hewani inakuwa moja na kasi inakaribia maradufu. Ukiziunga zote mbili kwa kebo, hata rauta ya bei nafuu yenye matundu ya 100 Mbps hutoa megabaiti 11 hivi, na GB 8 zile zinamalizika kwa dakika 12 au 13. Kagua vichwa vya kebo, maana hewa ya chumvi hula shaba. Kasi ya 1000 Mbps inahitaji jozi zote 4 za nyaya. Jozi moja ikiliwa, kifaa huweza kushuka hadi 100 bila kukuambia.

Ikiwa lazima iwe waifai, angalia rauta imekaa wapi. Ndani ya kidaka cha ukutani inapendeza, lakini umeizungushia mawe pande zote isipokuwa mbele. Itoe, iweke juu, ielekee mlango au kiwanda, yaani ua wa ndani, ili mawimbi yapite kwenye uwazi. Kuta nene za matumbawe na chokaa huikaba 5 GHz kuliko 2.4, basi 5 GHz itumie mkiwa chumba kimoja na rauta. Hapo inashinda kwa mbali. Kwenye 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11 pekee, kwani za katikati hugongana na majirani wa pande zote mbili. Kwenye mipangilio ya rauta, usalama uwe WPA2 yenye usimbaji wa AES. Ukiacha ule wa zamani, TKIP, rauta ya kizazi cha n (802.11n) hurudi kwenye 54 Mbps.

Sasa pima mtandao bila kuhusisha diski. Weka iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, kwenye kompyuta zote mbili. Kwenye moja andika `iperf3 -s`, kwenye nyingine `iperf3 -c 192.168.1.20` (weka anwani yako), kisha rudia ukiongeza `-R`, maana kwenda na kurudi si lazima viwe sawa. Kikigoma, ruhusu poti 5201 kwenye ngome (firewall) ya Windows. Jibu likiwa dogo, tatizo ni hewa. Likiwa kubwa na faili bado linatambaa, hapo ndipo uilaumu mifumo ya kompyuta zenyewe.

Kwenye Linux mshukiwa wangu wa kwanza ni kadi ya waifai inayosinzia ili kuokoa betri. Jaribu `sudo iw dev wlan0 set power_save off`, ukibadilisha wlan0 kwa jina la kadi yako. Kisha fungua smb.conf, faili la mipangilio ya Samba, programu ya Linux ya kushirikiana mafaili. Ukikuta mstari wa `socket options` wenye SO_RCVBUF=8192, ufute na uwashe Samba upya: ni ushauri wa zamani unaonakiliwa hadi leo, nao huubana mtandao uliokuwa ukijipangia wenyewe.

Mac huruka chaneli mara kwa mara kutafuta vifaa vya AirDrop, na kasi hupanda na kushuka kama mawimbi ya kusi. Zima AirDrop wakati wa kuhamisha. Ndani ya Finder, unganisha kwa Cmd+K na anwani kamili, `smb://192.168.1.20/Picha`, badala ya kungoja jina litokee pembeni. Kwenye Windows, `netsh wlan show interfaces` itakuonyesha chaneli na kasi halisi ya kadi. Akikuambia mtu uwashe SMB1, toleo la kale la njia ya kushirikiana mafaili, ili kompyuta "zionane", kataa: ni ya polepole, na ndiyo njia ambayo kirusi cha WannaCry kilienea mwaka 2017.

Baada ya hayo yote, faili dogodogo maelfu bado zitakwenda pole, kwa sababu kila moja hufunguliwa, huandikwa na hufungwa peke yake, na kila hatua inasubiri jibu. Zifunge pamoja kwa `tar -cf picha.tar Picha`, amri hii iko kwenye Mac, Linux na Windows 10 ya kuanzia 2018. Usihangaike kuzibana, picha za JPEG zimeshabanwa. Ila kama picha.tar imezidi GB 4 na inaishia kwenye flashi ya FAT32, itakataliwa. Flashi hiyo iandaliwe upya kwa exFAT, baada ya kutoa kilichomo.