Spiriti na maji: tikisa, usingoje vijichanganye

Nyinyi mnaotengeneza manukato ya kupuliza nyumbani, iwe Wete kule Pemba au Mwembetanga mjini Unguja, karibu nyote huniuliza habari za mafuta: karafuu nitie kiasi gani, langilangi kiasi gani. Hayo muulize pua yako. Chupa nyingi huharibiwa na spiriti na maji, na hivyo viwili hakuna anayevishuku.

Anza na vipimo. Changanya mililita 50 za spiriti tupu (ethanoli isiyo na maji) na 50 za maji: hupati 100, unapata kama 96 au 97. Binti mmoja niliyekuwa nikimwelekeza alinigeukia: "Bi mkubwa, chupa inavuja?" Haivuji. Molekuli za maji na za spiriti hushikana, zikakaa kwa kubanana zaidi kuliko zilipokuwa mbalimbali. Shika chupa, utaisikia imepata vuguvugu. Basi ukitaka lita moja ya asilimia 70 na spiriti yako ni ya asilimia 96, mimina mililita 729, tia maji, acha ipoe, ndipo ujazie mpaka alama ya lita. Maji yatakayoingia ni karibu mililita 300, si 271 za hesabu ya kutoa. Mwenye mizani apime kwa gramu, uzito haupungui.

Ninalogombana na watu hasa ni hili. Mtu humimina spiriti juu ya maji, akafunga kizibo, akasema itajichanganya. Itachanganyika, lakini lini? Spiriti ni nyepesi, inabaki juu. Inua chupa dirishani: ukiona nyuzinyuzi zinachezacheza kama hewa juu ya jiko la makaa, bado. Molekuli zikiachiwa zitembee zenyewe, sentimita moja huchukua kama nusu siku. Sentimita 10 si mara 10 ya hapo, ni mara 100, yaani zaidi ya mwezi! Tena mchanganyiko wa karibu nusu kwa nusu una mnato zaidi, yaani hutiririka kwa uzito, kuliko maji na kuliko spiriti yenyewe; kwenye nyuzi joto 25 mnato wake unapita mara mbili na nusu ya ule wa maji, na mwendo unazidi kuzorota. Tikisa, bibi wewe, mkono hautakatika.

Mafuta yaingie kwenye spiriti kwanza. Ya karafuu, hata haya ya makonyo yanayokenekwa Pemba, ni mazito kuliko maji, ukiyatia humo yanazama na kutulia chini. Maji yaje mwisho, tone kwa tone. Manukato yakigeuka meupe ujue umezidisha maji: spiriti imekuwa dhaifu, haiwezi tena kuyabeba mafuta. Ongeza spiriti kidogo, yatang'aa.

Spiriti yenye methanoli, ambayo ni sumu, msiiguse kwa kazi hii, hata ikiwa rahisi. Na mvuke wa spiriti tupu hushika moto hata kwenye nyuzi joto 13, baridi ambayo mjini kwetu hata kipupwe hakituletei. Chetezo kitoke chumbani kabla hujafungua chupa.