Video Inaeleza, Kufundisha Kunabaki Kwako: Kwa Mzazi Anayeanza Kusomesha Nyumbani

Wazazi wanaoanza kusomesha watoto nyumbani hapa Kenya huwa na hofu moja: nitafundishaje fizikia ilhali niliiacha zamani? Upesi wanaambiwa watumie video, na ushauri huo ni mzuri. Chuo kikuu cha MIT cha Marekani kimekuwa kikiweka masomo yake wazi kwenye intaneti tangu 2002, bila ada. Khan Academy, tovuti ya masomo iliyotokana na Salman Khan kumsaidia binamu yake hesabu kwa mbali mwaka 2004, inaanzia kujumlisha na kufika hadi kalkulasi, nayo ni bure. Lakini tuelewane mapema, mzazi mwenzangu: video inaeleza tu. Kufundisha kunabaki kwako, hata kama hesabu yenyewe imekutoka kichwani.

Mtoto akimtazama mwalimu hodari akikokotoa swali, kila hatua inaonekana rahisi. Anatikisa kichwa na kusema ameelewa, naye hadanganyi, anaamini hivyo. Mpe swali kama hilo kesho yake uone kalamu inavyokwama. Kwa hiyo swali linapoandikwa tu ubaoni, simamisha video. Ajaribu kwanza kwenye daftari, akosee kama ni kukosea, ndipo mwendelee. Somo likiisha, funga skrini na umwambie akueleze kwa Kiswahili, kama anayemweleza mdogo wake. Huhitaji kujua jibu. Sikiliza tu anaposita, anaporuka hatua, anaposema “halafu inakuwa hivyo”. Rudini hapo hapo.

Kazi hiyo inakula muda. Video ya nusu saa itenge saa moja na nusu, na usipange zaidi ya mbili kwa siku. Wazazi wengi wanaoanza wanapanga tano au sita, kama ratiba ya shule, na kabla wiki haijaisha nyumba nzima imechoka.

Unapochagua kozi, tazama mazoezi kabla ya kumtazama mhadhiri. Kozi nyingi za MIT zina maswali, majibu na mitihani iliyopita, na kijana mkubwa aliyemaliza hesabu za sekondari anaweza kuzimudu. Mihadhara ya video ya kampuni ya The Great Courses ni ya takriban nusu saa kila mmoja na huja na kitabu cha mwongozo. Naipenda sana kwa historia na sanaa, ila kwa hesabu singeitegemea bila kitabu cha mazoezi pembeni.

Jambo ambalo wengi hawalioni hadi mtihani umekaribia ni kwamba masomo haya mengi ni ya Kimarekani. Futi na ratili si tatizo kubwa, mtoto huzizoea. Istilahi ndizo zinazomponza. Umbo ambalo karatasi za Cambridge, mtihani wa Kiingereza ambao wengi wa nyumbani huufanya, huliita trapezium, mwalimu wa Marekani ataliita trapezoid, na gradient, yaani mwinamo wa mstari, ataiita slope. Tengenezeni orodha nyuma ya daftari, na kila wiki mtoto afanye maswali kutoka karatasi za mtihani wenyewe, si ya kwenye video pekee. Mzungumzaji akienda mbio, washeni manukuu na mpunguze kasi hadi 0.75. Hakuna aibu katika hilo.

Kwa historia, nakusihi uwe macho zaidi. Crash Course, chaneli ya masomo ya YouTube, ilipotoa historia ya dunia mwaka 2012, kati ya vipindi 42 kimoja tu cha dakika kumi na kitu kiliwabeba pamoja Mansa Musa, mfalme wa Mali, na miji ya pwani ya Waswahili. Ni kipindi kizuri, lakini mtoto anayekulia Kenya hawezi kuachwa hapo. Mpeleke kwenye magofu ya Gede, mpeleke Fort Jesus iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, aone kuta na aulize maswali yake. Kama Pwani ni mbali, muulize babu au bibi yake anayoyakumbuka, mtoto ayaandike.

Kuhusu bando: pakueni mapema. Kolibri, programu ya bure ya Learning Equality, huhifadhi masomo ya Khan Academy kwenye kompyuta moja, na vifaa vingine nyumbani vinasoma kutoka humo bila intaneti. Faida nyingine ni kwamba hakuna video nyingine zinazomwita mtoto pembeni ya somo. Skrini ikae sebuleni.

Sayansi ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko yote. Katika IGCSE, mtihani wa sekondari wa Cambridge, karatasi ya 5 hufanyiwa maabarani, na ya 6 ni maswali ya kuandika kuhusu majaribio. Wazazi wengi wa nyumbani huchagua ya 6 wakidhani wameepuka maabara. Hawajaiepuka: mtoto ataulizwa kusoma vipimo, kuchora grafu na kupanga jaribio, na aliyeona bureti, mrija wa kupimia kimiminika, kwenye skrini tu hubabaika. Anzeni na vya jikoni. Uzi, jiwe na saa ya simu vinatosha kwa pendulamu, yaani uzito unaobembea: hesabuni mibembeo 20, gawanyeni muda kwa 20, kisha refusheni uzi na mrudie hadi mpate grafu. Kwa titresheni, yaani kupima asidi kwa kuidondoshea alkali, tafuteni shule yenye maabara itakayowapokea wakati wa likizo, na mwende kuomba mapema, kabla shule hiyo haijaanza kuandaa watahiniwa wake.