Nani Aliipandisha Galaksi Kwenye Mizani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Juzi umeme ulikatika hapa Shela, tukapanda juu kutazama nyota. Kaka akasema wataalamu wanaujua uzito wa galaksi yetu nzima. Wameipimaje na wamo humo humo ndani?
Msichana wa kidato cha tatu, Lamu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwendo peke yake unatosha kupimia. Mimi nimekulia Malindi, na marehemu baba alikuwa mvuvi wa mshipi. Kabla ya kuutupa, alilizungusha chubwi, kile kizito cha mshipi, juu ya kichwa. Siku aliyoniachia mimi, nilianza polepole, mshipi ukanigusa kidole tu. Nilipoongeza kasi ukanikata. Kovu ninalo hadi leo. Chubwi lataka kwenda zake, kidole ndicho kinacholirudisha. Kasi ikizidi, kidole nacho sharti kivute zaidi.

Jua letu ndilo chubwi. Linakizunguka kitovu cha Njia Nyeupe, ndiyo galaksi yetu, umbali wa miakanuru kama 26,000 (mwakanuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), kwa kasi ya takriban kilomita 220 kila sekunde. Duru moja huchukua zaidi ya miaka milioni 200! Mshipi wake ni uvutano. Chukua kasi, izidishe kwa yenyewe, zidisha kwa umbali, kisha gawanya kwa ile namba ya uvutano (G) iliyomo kitabuni mwako. Jana usiku nilikaa na kalamu, jibu nikaligawanya kwa tungamo (wingi wa maada) la jua moja, nikapata tungamo la majua bilioni 90 hivi. Hilo ni la vitu vilivyo ndani ya njia ya jua tu. Vya nje havimo.

Sasa penye utamu. Dunia hulizunguka jua kwa kilomita 30 kwa sekunde, Neptuni iliyo mbali kilomita 5 na ushei, kwa kuwa karibu uzito wote umekaa katikati. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford wa Marekani walichapisha kasi za mawingu ya gesi katika galaksi jirani, Andromeda. Waliisoma kwenye nuru: gesi ikija kwetu nuru yake huelekea buluu, ikienda zake huelekea nyekundu. Huko pembeni, nyota zinakoadimika, kasi haikushuka kama ya Neptuni. Chubwi lazunguka kwa nguvu, na mkono unaolivuta hauonekani! Wataalamu wengi huuita maada ya giza, na mpaka sasa hakuna aliyeikamata.

Wapo wanaokadiria kasi ya jua kuwa kilomita 230. Rudia hesabu kwa kasi hiyo, uniandikie umepata majua mangapi.