Chapati haina hamira, ila kwa Pasaka ya Wayahudi haipiti

Dada, umesema umepata kazi ya kutunza mzee kwa familia ya Kiyahudi, wamekukataza kuingia na mkate wiki ya Pasaka, nawe unauliza kama chapati itapita kwa vile haina hamira. Haipiti. Mimi nilijaribu.

Nilimtunza bibi mmoja Baltimore, Marekani, kwa miaka minne. Mwaka wa kwanza nilikwenda na chapati mbili kwenye foili, roho kwatu. Binti yake alipoziona akanisindikiza kwa upole hadi nje, mimi na chapati zangu. Nikazilia kwenye ngazi, na kile kibaridi cha Aprili.

Tunachanganywa na neno "chachu" la kwenye Biblia, kitabu cha Kutoka sura ya 12, tukadhani ni hamira. Kwao marufuku ni hametsi: unga wa ngano, shayiri na nafaka nyingine tatu za jamii hiyo, ukiguswa na maji ukakaa dakika 18 kabla ya kuokwa. Hapo umeshachacha, hata kama hukutia kitu. Sasa wewe chapati unaikanda, unaifunika nusu saa ilainike! Matsa, mkate wao wa siku hizo, hukandwa na kuokwa mbiombio ndani ya muda huo. Bia na wiski nazo zimo, maana zinatokana na nafaka. Wengi hawamwagi, rabi anawauzia kwa mtu asiye Myahudi, sikukuu ikiisha zinanunuliwa tena.

Jiandae kusugua nyumba, maana hata chembe ya hametsi haitakiwi ndani. Tulikung'uta hadi mifuko ya makoti. Usiku wa kuamkia siku ya mkesha wanazima taa, wanapita na mshumaa na unyoya kuokota vipande kumi vya mkate walivyovificha wenyewe, asubuhi wanavichoma. Mwaka mmoja tulipata tisa. Aliyeficha kasahau! Bahati kuna maneno wanayotamka, kwamba hametsi yoyote wasiyoiona ihesabiwe kama mavumbi ya nchi.

Ugali? Uliza kwanza. Wenye asili ya Ulaya ya mashariki, Waashkenazi, wengi hawagusi mahindi, mchele wala maharage siku hizo, ingawa si hametsi. Wasefaradi, wenye asili ya Hispania, wengi wali wanakula. Bibi niliyemtunza alikuwa Mwashkenazi, nikala viazi siku nane. Israeli ni saba.

Wewe beba ndizi na machungwa, usivimenye nyumbani kwako. Kisu chako nacho kimekata mkate.