Kwa nini Iopas hakuimba vita vya Troya?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, darasani kwetu, sehemu ya Kilatini na Filosofia, tunasoma kitabu cha kwanza cha utenzi wa Aeneis wa Virgil, mshairi wa Kirumi. Katika karamu ya malkia Dido mjini Karthago, mwimbaji Iopas anapiga kinubi na kuimba habari za mbingu, lakini vita vya Troya, mji ulioteketezwa na Wagiriki, vinasimuliwa na Enea, shujaa wa mji huo aliyenusurika, ambaye si mwimbaji. Babu yangu wa Walikale aliponisimulia habari za Mwindo, shujaa wa utenzi wa Wanyanga, alisema na kuimba yeye yule. Kwa nini Virgil amezitenga kazi hizi mbili?
Mwanafunzi, Kadutu, Bukavu

JIBU: Ndugu mwanafunzi, wimbo wa Iopas una mistari michache tu, na wasomaji wengi huupita upesi. Unataja mwezi unaotangatanga, kupatwa kwa jua, asili ya watu na wanyama, mvua na moto, na sababu ya usiku wa majira ya baridi kuwa mrefu. Wageni na wenyeji wanaushangilia, kisha Dido anaanza kuuliza habari za Priamo, mfalme wa Troya, na mwanawe Hektori.

Virgil alijua vizuri mfano wa Homer, mshairi wa Kigiriki aliyemtangulia. Katika utenzi wake wa Odyssey, Demodokos, mwimbaji kipofu, anaimba habari za farasi wa mbao aliyetumiwa kuiteka Troya, mbele ya Odiseo, shujaa wa Kigiriki aliyepigana huko, naye Odiseo analia. Ni baada ya machozi hayo ndipo anapotaja jina lake na kusimulia safari zake. Virgil amemwondolea mwimbaji wa karamu vita hivyo na kumwachia nyota, akavikabidhi kwa mtu aliyeuona mji wake ukiteketea na kumpoteza mkewe usiku uleule. Kwa maoni yangu hapo amemshinda mwalimu wake, kwa kuwa Enea anaanza kwa kusema kwamba malkia anamwamuru aamshe uchungu usiosemeka, maneno ambayo mwimbaji wa kukodiwa asingeweza kuyatamka kwa haki. Masimulizi yake yanajaza kitabu cha pili na cha tatu.

Kuhusu Mwindo, babu yako alifuata desturi ya Wanyanga. Candi Rureke, aliyeusimulia utenzi huo mwaka 1956 kwa muda wa siku 12, aliimba, akasimulia na kucheza ngoma, huku waliomzunguka wakiitikia. Virgil, aliyefariki mwaka 19 KK, alikuwa mtu wa kuandika na kusahihisha. Tenzi za Kirumi za wakati wake zilisomwa kwa sauti mbele ya wasikilizaji, kwa mizani maalumu, hata kama mtunzi anatangaza mwanzoni kwamba anaimba.

Endelea sasa na kitabu cha nne. Wimbo wa Iopas hautajwi tena, ilhali Dido, ambaye mapenzi yamekwisha kumtia wazimu, anaandaa karamu nyingine na kumwomba Enea arudie habari zilezile za Troya tangu mwanzo.